Nilimvunja Taya kwa Ajili ya Joho

Nimekosa, tena kosa kubwa. Naliandika hili mwanzo kabisa maana najijua. Nikipewa nafasi ya kujitetea, nitajitetea mpaka mwishowe nionekane mimi ndiye niliyeonewa.

Niliua mtu kwa ngumi. Hakuwa na silaha, hakuwa na hatia, na mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, katika pingu nilizomtia mwenyewe. Serikali haikunifunga. Iliniongeza tepe ya cheo!

Wewe unayesoma, usilitafute jina langu. Nichukulie kama mzee aliyejisogeza karibu nawe barazani akainamia sikio lako. Nimebeba jambo hili tangu ujana wangu, na mgongo umechoka.

Mimi ni mtu wa kisiwa cha Pate. Katika miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado yuko, nilikuwa askari polisi Amu, yaani mji wa Lamu. Nilikuwa na kifua, kaptula ya khaki iliyonyooka kwa pasi, na hasira za karibu. Tangu utoto nilikuwa mpigaji. Nilimpiga mdogo wangu, Shekuwe, kwa kuchelewa kurudi nyumbani. Nilimpiga kwa kuvunja mtungi. Nilimpiga kwa kunitazama tu. Baba alipokufa nikajifanya mimi ndiye baba, na ubaba nilioujua mimi ulikuwa ni kofi.

Baba alituachia vitu viwili vya fahari: joho jeusi la sufu lililotiwa uzi wa dhahabu, na jambia. Kwetu bwana harusi huvaa joho juu ya kanzu, akachomeka jambia kiunoni, akatembea akiangaliwa na mji mzima. Asiyekuwa nalo huazima. Na mwenye kuazimisha hufunga mdomo. Hiyo ndiyo ada ya watu wa Amu. Joho likishatoka nyumbani kwako, hujui limekwenda wapi. Bwana harusi akipita mbele yako amelivaa, unampa mkono na kumwambia mashaallah kana kwamba hujapata kuliona. Wakwe wasijue, maadui wasicheke, mtu asitirike.

Lakini sisi hatukuwa watu wa kuazima. Hilo nililisema kila baraza niliyokaa. Joho letu lilikuwa sandukuni Pate, kwa mama, na nilijivuna nalo utadhani nilililima shambani!

Shekuwe akaposa Amu, kwa watu wazuri. Harusi ikawekwa mwezi wa maulidi. Mimi wakati ule nilikuwa nimepelekwa Kiunga, kule juu mpakani, na nilipoomba ruhusa nikanyimwa. Nikamtumia salamu kwa mtu anayekwenda Pate: mwambie avae joho la baba, na asituaibishe, akituaibisha atanikuta. Jibu likarudi kwamba atalivaa. Nikalala raha mustarehe.

Ndani ya siku hizo hizo za harusi, Kitsao akauawa huko Amu.

Kitsao alikuwa askari mwenzangu, Mgiriama wa upande wa Malindi. Tulilala chumba kimoja, tukala sinia moja. Alikuwa mcheshi, mwembamba, na ndiye mtu pekee niliyemruhusu kunishika mkono nikiwa nimeshaunyanyua. "Pumua kwanza," alikuwa akiniambia. "Ukishapumua, kama bado wataka kupiga, piga." Mara nyingi nikishapumua sikupiga.

Walimkuta wanawake waliokuwa wakitoka kisimani, mchana, katika kijia chembamba nyuma ya msikiti. Tumbo lilikuwa limepasuliwa na mikono yake miwili imelikamata ili vilivyo ndani visitoke. Alikuwa hai bado. Walimwuliza nani, akatikisa kichwa. Alisema maneno mawili tu kabla ya kukata roho: "Kasumba," kisha, "joho."

Kasumba ni ile dawa nyeusi inayolewesha, iliyokuwa ikiletwa kwa siri na vyombo vya Ghuba. Vijana wa Amu walikuwa wakiivuta wakawa magofu.

Nilirudishwa Amu. Nilifunua shuka nikamtazama Kitsao. Sikutoa chozi. Niliapa pale pale kwamba aliyefanya hivi nitamtoa roho kwa mikono yangu. Basi naona kiapo kilisikiwa, ila kilimwangukia mwingine.

Mji ulikuwa umejaa wageni wa maulidi, na majoho yalikuwa kila kona. Masharifu walikuwa nayo, wazee walikuwa nayo, mabwana harusi walikuwa nayo. Inspekta wetu, Mzungu mrefu mwenye sauti ndogo, akaamuru majoho yote meusi yakusanywe yapelekwe Nairobi kwa mkemia wa serikali. Watu walinuna vibaya. Kuna wazee walionikabidhi majoho yao huku wamenigeuzia uso.

Mimi ndiye niliyemweleza Inspekta jambo ambalo hakulijua: joho halifuliwi. Ukilitia maji sufu inajikunja na ule uzi wa dhahabu unakufa. Huanikwa kivulini, hukung'utwa, hufukizwa udi juu ya chetezo, likarudi sandukuni. Kwa hiyo chochote kilichoingia ndani ya nyuzi zake, kimeingia. Inspekta alifurahi mpaka akanipiga bega.

Akatufundisha kufunga kila joho katika karatasi yake peke yake, na kunawa mikono kabla ya kushika jingine, kwa sababu unga wa dawa huhama kutoka nguo hii kwenda nguo ile. Niliifanya kazi ile vizuri, wallahi. Kosa halikuingilia hapo.

Liliingilia pale aliponiuliza kama kuna joho lililobaki.

"Lipo letu, bwana," nikasema kwa kifua. "Limesharudi Pate, kwa mama yangu. Hilo nalidhamini mimi."

Akalikubali neno langu, maana nilikuwa askari wake. Hapo ndipo nilipoanza kuua, ingawa ngumi ilikuwa bado haijapanda.

Majoho yaliporudi, Inspekta aliniita ofisini. Juu ya meza palikuwa na joho moja limekunjuliwa, pindo lake limekatwa kipande cha mraba, kadiri ya stempu ya barua.

"Mtu ya Nairobi nakata hapa," alisema, kwa kile Kiswahili chao. "Nachana vumbi kwa ndani, naweka dawa yake, rangi nageuka. Kasumba iko. Iko mingi, ndani ya uzi, hapa kwapani, hapa kwapani. Mtu nabeba kwa ndani ya nguo."

Damu ilinipanda. Nilishaujua uso wa joho lile, maana nililifunga mwenyewe. Lilikuwa la Bwana Lali, fundi wa makubadhi.

"Lakini sikia mimi," Inspekta akaninyooshea kidole. "Nguo nasema imegusa nini. Hapana sema nani navaa. Mimi nakwenda Mokowe, kesho narudi. Wewe lete yeye, weka ndani, ngoja. Hapana uliza kitu."

Ndiyo bwana, nikasema. Nikapiga saluti. Alipopanda mashua tu, nikamwendea Lali.

Bwana Lali alikuwa mtu mzima, mwenye ndevu za hina na vidole vilivyokuwa vyeusi kwa rangi ya ngozi. Alikuwa hazungumzi sana. Nilimkuta amekaa juu ya kigoda chake akipiga msumari kwenye kubadhi la mtoto. Hata salamu sikumpa. Nilimshika kanzu kifuani nikamnyanyua, kubadhi likaruka huko, nikamtia pingu kwa nyuma na kumburura mbele ya maduka mpaka kituoni. Kanzu ilichanika. Watu walisimama milangoni, hakuna aliyethubutu kusema kitu. Nami nilipenda vile walivyoniogopa. Nisiseme uongo, nilipenda!

Nikamwingiza chumbani, nikalitandaza joho mbele yake.

"Nani alivaa hili?"

"Ni langu, mwanangu."

"Sikuuliza la nani. Nani alilivaa?"

"Huazimishwa. Tangu babu yangu huazimishwa."

"Mara ya mwisho alichukua nani?"

Akainama. Nikamzaba kofi, kofia ikamdondoka.

"Nitasema," akaniambia kwa Kiamu chake, taratibu tu. "Sikukataa kusema. Inspekta akiya nitamwambia. Ama niitia kadhi, nitamwambia yeye. Lakini yambo hili si la kwambiwa wewe."

Si la kuambiwa mimi! Askari mzima, rafiki yangu amezikwa, na fundi wa viatu ananiambia si la kuambiwa mimi! Nilichukua rungu nikampiga goti. Akaenda chini, nikamwinua kwa ndevu.

"Wewe ndiye uliyemuua Kitsao."

"Wallahi siyui kitu cha Kitsao."

"Basi taja jina."

"Siwezi kulitaya mbele ya mato yako. Niitia kadhi, baba. Nakuomba."

Nilimpiga tumboni. Nilimpiga mbavuni. Alitapika kahawa juu ya viatu vyangu, nikampiga kwa sababu ya viatu. Pale nje kulikuwa na askari mwingine aliyekuwa zamu. Alichungulia mara moja akarudi zake.

Bwana Lali alivuta pumzi, akainua uso. Jicho moja lilikuwa limeshafumba.

"Mwana wa watu, niwate," alisema, akiniomba nimwache. "Nikikwambia kwa kinywa changu utayuta wewe kabla yangu."

Nikasikia kitisho: utajuta! Ndugu yangu, ndivyo nilivyosikia! Leo nikiyarudia maneno yale naona kila neno lilikuwa la huruma, lakini siku ile masikio yangu yalikuwa ya mnyama. Hapakuwa na Kitsao wa kunishika mkono. Sikupumua kwanza.

Niliurudisha mkono nyuma nikampiga ngumi ya taya kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa ukikatika, mlio mkavu, kama kijiti cha kuwashia moto. Aliruka nyuma. Mikono ilikuwa imefungwa, hakuweza kujikinga, na kisogo chake kikapiga ukingo wa ngazi ya mawe. Damu ikamtoka sikioni.

Na akiwa chini hivyo nilimpiga teke. Naam. Hilo pia liandikwe.

Alijaribu kusema. Kinywa kilikuwa kimekwenda upande na ulimi ulikuwa ukitafuta neno usilipate. Alikuwa amenitazama mimi, na katika jicho lile moja lililobaki wazi sikuona chuki. Ningeona chuki ningepata nafuu.

Alipelekwa hospitali. Inspekta aliporudi alimkuta amelala, hajitambui. Aliniuliza, nikamwambia kwamba mtuhumiwa alijaribu kukimbia akaanguka ngazini. Akautazama mkono wangu uliovimba vifundo. Nikasema mlango umenibana. Akageukia dirisha. Kisha akasema, "Ameanguka." Basi ikawa ameanguka. Mzungu yule mwenye kujua mambo ya nyuzi na rangi za dawa hakuhitaji mkemia kuujua mkono wangu, lakini hakutaka kujua.

Bwana Lali alikufa bila kutamka neno tena. Kasumba ilionekana kwenye joho lake, naye amekufa, na mji ukaambiwa muuaji wa Kitsao amepatikana. Nilijisikia mwepesi. Nilikwenda makaburini kwa Kitsao nikamwambia nimeshakulipia.

Mjane wa Lali, Bi Esha, alikaa eda mpaka ikaisha. Siku alipotoka alikuja kituoni moja kwa moja, buibui limemfunika mpaka miguuni. Alinikuta mimi mezani.

"Nimekuya kutwaa joho la mume wangu," alisema.

Nikamletea. Akalikunjua, akaiona ile tundu ya pindoni, akaipitisha kidole. Nikamwambia, kwa ule ujinga wangu, kwamba mumewe angetaja jina la mwenziwe pengine angekuwa hai.

Bi Esha akanitazama. "Wewe huyui kweli?"

"Sijui nini?"

"Nilidhani wayua, ukamuua ili asiseme. Kumbe huyui!" Alicheka kicheko ambacho sijapata kukisikia tena kwa mtu yeyote. "Joho hili alikuya kuliazima nduyo, Shekuwe. Alilia ukumbini kwangu. Joho la babenu lishaliwa na panya, na aliogopa wewe ukiyua utamuua. Mume wangu akampa ende nalo Pate arudi amelivaa, akamuapia kuwa kaka mtu hatayua. Ndiyo maana alitaka kadhi. Hakutaka kukuvundia heshima usoni pako."

Akalikunja joho, akalitia ndani ya buibui, akaondoka.

Nikapanda chombo cha kwanza mpaka Mtangawanda, bandari ya kwetu Pate, nikashika njia kwa miguu, sikumwitikia mtu salamu. Nilipofika nyumbani sikumwuliza mama kitu. Nilikwenda kwenye sanduku la baba nikalifungua kwa teke. Ndani mlikuwa na matambara meusi, nyuzi za dhahabu zilizotafunwa, na mavi ya panya.

Mama alikuwa nyuma yangu. "Tulikuogopa kukwambia," alisema.

Shekuwe alikuwa uani. Alikuwa amerudi Pate na mkewe tangu baada ya harusi, eti kumwangalia mama. Aliponiona akasimama, akaiweka chini nazi aliyokuwa akiifua, akaniacha nimfikie. Hakukimbia. Nilimpiga kama sijampiga maishani mwake. Nilimwangusha juu ya kifuo cha nazi, nikamkanyaga mkono, nikamvunja pua. Mkewe alikuwa na mimba changa, alipiga mayowe akiwa amejibana ukutani. Mama alining'ang'ania shati mpaka likachanika. Majirani wakaja, nikawatishia pingu.

"Sema!" nilimpigia kelele. "Sema!"

Alisema huku akitema damu. Kasumba alipewa na watu wa chombo cha Ghuba aivushe mpaka Amu. Nani angempekua bwana harusi? Akaifunga ubavuni, huku na huku, ndani ya joho. Ikawa moto wa jua na jasho vimeilainisha, ikapenya sufu.

"Nilipoteremka gatini Amu, Kitsao alikuwa zamu," alisema. "Akanikumbatia. Alifurahi, alisema wewe hukuya basi yeye ndiye kaka yangu siku ile. Akaisikia chini ya mikono yake. Hakusema kitu mbele ya watu. Baadaye akaniita kando, nikamfuata kijiani, joho nimelivua nimelikunja mkononi. Akanambia, toa nikaitupe baharini, kakako asiyue."

"Ukafanya nini?"

"Nikamuuliza, hutamwambia? Akasema, siku moya nitamwambia, siku akiwa amepoa." Shekuwe akaanza kulia kitoto, kamasi na damu pamoja. "Nikakuona wewe mbele yangu. Nilikuona wewe, kaka, si yeye! Nikachomoa jambia."

Jambia la baba! Lile panya hawakuliweza.

Je, unadhani pale nilikaa chini nikalia? Unadhani nilimshika mdogo wangu mkono? Nilimpiga tena! Nilimpiga mpaka mkono wangu mwenyewe ukakataa kupanda. Ndipo nikamfunga kamba na kumtembeza mpaka Mtangawanda, mama akitufuata nyuma miguu mitupu.

Shekuwe alihukumiwa Mombasa akanyongwa. Alikiri kila kitu. Walipomwuliza habari za Lali alisema hajui, aliambiwa ameanguka. Alijua vizuri sana kilichompata Lali, maana siku ile uani nilimpigia kelele, kwa kinywa changu mwenyewe, kwamba nimemuua. Na bado alininyamazia.

Basi tazama. Ndugu yangu aliua askari akanyongwa. Mimi askari niliua raia nikapewa tepe. Walisema nimeiweka haki mbele ya damu yangu. Walinisifu mbele ya gwaride, na mkono wangu wa kulia ukiwa bado unaniuma.

Mama hakunisemesha mpaka alipokufa. Nilikuwa nikimletea vitu, anavipokea, anageuza uso.

Mke wa Shekuwe alizaa mtoto wa kiume. Nilimlea mimi. Sikumpiga hata siku moja, na watu walinicheka kwamba nimekuwa mwanamke. Kila hasira iliponipanda nilikwenda nje nikapumua. Amekua mtu mzuri, mtulivu. Anajua kwamba babake aliua akanyongwa; jambo hilo Amu haliwezi kufichika. Na anajua kwamba ami yake ni mtu wa haki. Ndivyo alivyofundishwa, nami niliacha afundishwe hivyo.

Mwaka huu ameoa.

Sikumwambia aende wapi kutafuta joho. Alikwenda mwenyewe, akarudi na furushi lililofungwa kwa kanga. Nikajua kabla hajalifungua. Bi Esha ni kizee sasa, haoni vizuri, lakini bado anaazimisha. Hakumwuliza mwana wa nani. Ama aliuliza, akajua, akampa vivyo hivyo. Mimi tangu siku ile ya kituoni nikimwona njiani hupinda kona nyingine.

Asubuhi ya harusi kijana alinigeuzia mgongo nimvishe. Nikalinyanyua. Lilinukia udi. Nikaliweka juu ya mabega yake, mabega ya Shekuwe hasa. Akalishika pindo, akaona ile tundu ya mraba.

"Ami, hapa pamekatwa na nini?"

Nikamwambia, "Panya."

Akacheka, akatoka nje kwa wenziwe. Vigelegele vikapigwa. Mimi nikabaki chumbani nimekaa juu ya kitanda, na huo ndio usiku na mchana wangu tangu siku hiyo.

Ndipo nimeona niandike gazetini. Nyinyi mnaovaa sare za serikali leo, sikilizeni mtu aliyezivaa kabla yenu. Siku hizi nasikia kuna mashine za kuona hata chembe isiyoonekana kwa macho. Vyema. Lakini nguo itakwambia imegusa nini tu, na mtu aliyekaa mbele yako amefungwa anaweza kuwa ndiye anayekuhurumia. Akikuomba umwitie mkubwa wako, mwitie! Na wewe kaka mtu, baba mtu, unayejisifu kwamba nyumbani kwako wanakuogopa: hebu kajiulize wanakuficha nini. Mimi nilifichwa joho lililoliwa na panya, kitu cha kucheka tu, na kwa ajili yake watu watatu wako ardhini.

Bi Esha, sikuombi msamaha. Nitakuja mwenyewe, kabla hujafa na kabla sijafa, nikae ukumbini kwako nikiseme kile ambacho kinywa cha mumeo kilishindwa kukisema.

Na wewe kijana wangu, najua unasoma magazeti, na ukifika hapa utakuwa umeshanijua. Pindo lile halikukatwa na panya.